Mchezo wa Mtangawanda na daftari la wifi yangu

Jioni ya kwanza nilidhani wanapanga safari.

Wakati huo nilikuwa mhudumu katika nyumba moja ya wageni kule Shela, kisiwani Lamu, mwendo wa kama dakika 45 kwa miguu kutoka mjini Amu ukifuata ufuo maji yakiwa yamekupwa. Yakijaa, heri upande boti. Ghorofa ya juu walikuwa wamepanga ndugu wawili Waingereza, mtu na dada yake, wote wazee waliopita miaka 70. Kila baada ya chakula cha usiku walikaa darini chini ya makuti, wameelekea mkono wa bahari unaotutenga na Manda, na mimi nikiondoa sahani niliwasikia wakitajiana majina.

"Dollis Hill," anasema mzee.

Dada yake hajibu upesi. Anakoroga chai ambayo sukari yake imekwisha yeyuka zamani. Anatazama taa za mashua. "Marble Arch."

Mzee anashusha pumzi kama mtu aliyeona kete zake zote za bao zikichukuliwa kwa mkono mmoja. Anafikiri, anasugua magoti, anataja jina jingine. Huendelea hivyo robo saa nzima, mara wanabishana kwa sauti ya chini, mara mmoja anatikisa kichwa kumkubali mwenzake, mpaka mmojawapo aseme "Mornington Crescent." Hapo mwingine huinua mikono, mchezo umekwisha, na wote wawili wanacheka hadi kufuta machozi.

Mimi napenda michezo tangu utotoni. Nimekulia Langoni, nyumba ya watu wengi, na babu yangu alikuwa mtu wa bao. Bao sikufundishwa na mtu. Nililiona tu, nikiwa mtoto wa kutumwa kahawa, nikasimama nyuma ya wazee mpaka nikaelewa: mashimo 32, kete 64, kwanza watu wananamua, kete za mkononi zikiisha wanaingia mtaji, na nyumba ina heshima yake. Ukiwa na subira, bao linajieleza lenyewe. Kwa hiyo nilijiambia kwamba na huu wa Waingereza nitauona. Nipeni siku tatu.

Siku ya pili nikaazima ramani ya treni za chini ya ardhi za London iliyokuwa nyuma ya shajara ya yule mzee. Nikachukua karatasi kubwa, nikapanga majina kama yalivyotajwa. Nikajaribu rangi za njia. Nikahesabu vituo baina ya jina na jina. Nikatazama herufi za mwanzo, kisha za mwisho, kisha idadi ya maneno. Kila sheria niliyoivumbua ilisimama majina mawili, la tatu likaiangusha. Usiku nilikuwa nikifumba macho naona mistari ya rangi.

Siku ya nne nikauliza. Mzee akanijibu kwa upole kabisa, "Huu haufundishwi, binti. Utaelewa ukicheza." Dada yake akatabasamu, akatazama kikombe.

Nilishuka ngazi uso unaniwaka. Kiingereza changu kilinitosha kumpokea mgeni, kumhesabia fedha zake, kumweleza kwa nini boti haiwezi kwenda Takwa mpaka maji yaingie kwenye mkono wa mikoko. Lakini usiku ule niliona kama kuna Kiingereza kingine, kimewekwa chumbani, na ufunguo wake shuleni hatukupewa. Naieleza hali hii kwa urefu kwa sababu baadaye nilimtia mtu mwingine ndani yake, na mtu mwenyewe nampenda.

Aliyenitoa ni yule bibi. Asubuhi alishuka jikoni kuomba maji ya moto, akaiona karatasi yangu juu ya friji. Akaisoma yote, mstari kwa mstari, miwani puani. Kisha akavuta kigoda akaketi. Akanambia nimefanya kazi kubwa na wao wamenikosea. Sheria hakuna. Hazijapata kuwapo.

Ndipo akanisimulia. Kwao kuna kipindi cha redio ya BBC kilichoanza mwaka 1972, kinaitwa I'm Sorry I Haven't a Clue, cha wachekeshaji wanne na mwenyekiti wao. Mwenyekiti wa miaka mingi alikuwa Humphrey Lyttelton, mpiga tarumbeta wa jazi, aliyekiongoza hadi alipofariki mwaka 2008. Mchezo wenyewe ulisikika kipindini mara ya kwanza mwaka 1978. Mwenyekiti hutangaza kwa uzito wa hakimu kwamba leo tutafuata kanuni fulani na nyongeza yake fulani, na zote hizo ni za kubuni. Wachezaji hutaja vituo na mitaa ya London kwa zamu. Mmoja atalalamika amefungiwa njia, mwingine atapinga, na watu ukumbini watapiga makofi kwa mkato mzuri kana kwamba wameuona. Wa kwanza kufika Mornington Crescent ndiye mshindi.

Jambo lililonikaa ni hili: jina hilo unaweza kulisema kwenye zamu yako ya kwanza kabisa. Hakuna wa kukuzuia. Utakuwa umeshinda, na mchezo utakuwa umekufia mkononi. Nikaelewa yule mzee alikuwa anasugua magoti kwa nini. Alikuwa akitafuta namna ya kuuchelewesha ushindi bila kuonekana kwamba anauchelewesha, na namna ya kumpa dada yake kitu cha kujibu.

Kituo chenyewe ni cha kweli. Kiko kwenye njia ya Northern, kati ya Camden Town na Euston. Kilifunguliwa mwaka 1907, na Oktoba 1992 kikafungwa kwa ajili ya lifti zake. Ukapita mwaka, ikapita miwili, mitano, treni zinapita bila kusimama. Kilipofunguliwa tena Aprili 1998, walioalikwa kukifungua ni wale wachezaji wa redioni. Mwenzao mmoja, Willie Rushton, hakuwahi kuiona siku hiyo. Alifariki mwaka 1996, na kibao cha kumkumbuka kimewekwa mle kituoni. Yule bibi alinieleza haya huku anaikunja karatasi yangu taratibu, mara mbili, mara nne. Akaniomba aende nayo. Nikampa.

Siku kadhaa nilitembea na jambo hilo kichwani, na kadiri nilivyolifikiri ndivyo lilivyozidi kuwa la kwetu. Maana sisi tunauziana miji tangu zamani. Kitendawili! Tega! Ukishindwa kutegua, mwenye kitendawili anadai: nipe mji. Unampa. Unasema nimekupa Mombasa, au nimekupa Unguja, na yeye anauchukua mji wako kwa raha zake: nikaenda Mombasa, nikapokewa na matarumbeta, nikala biriani, nikafunikwa shuka la hariri, na jibu ni yai. Mtoto wa pwani anajua kwamba jina la mji linaweza kutolewa mkononi kama sarafu. Waingereza wanamaliza mchezo wao kwa jina la mahali, nasi tunakiri kushindwa kwa jina la mahali. Nikaona huu mchezo utaelewana na darini kwetu.

Ramadhani ilipoingia nikaupeleka nyumbani.

Usiku wenyewe stima ilikuwa imekatika. Watu wamerudi tarawehe, tumepanda juu kutafuta upepo, taa ya chemli katikati, sinia la kaimati na birika la kahawa ya tangawizi. Mdogo wangu wa kiume na binamu yetu nahodha niliwapa siri pembeni. Wengine sikuwaambia kitu. Tukahitaji jina la kumalizia, na binamu akasema bila kufikiri: Mtangawanda.

Asiyepajua, Mtangawanda ni gati la kisiwa cha Pate. Boti inayotoka Amu inapitia Mkanda, ule mlango mwembamba katikati ya mikoko baina ya Manda na bara, ambao maji yakipwa sana chombo chenye abiria na mizigo kinakwama. Kila mwenye ndugu Siyu au Faza amewahi kukaa kwenye boti na kuku wake na gunia lake, anangoja maji. Kusema Mtangawanda kwa watu wetu ni kusema: haya, tumefika. Tena ni jina linalojaza mdomo vizuri.

Nikaanza na Matondoni. Mdogo wangu akasema Kipungani. Binamu akaruka Kizingitini.

Mama mdogo, ambaye nilidhani hasikilizi, akainua kichwa kutoka kwenye sinia. "Kizingitini kwa maji haya? Yeo mwezi ngapi?"

Tukahesabu. Mwezi saba Ramadhani, maji mafu, yale yasiyojaa sana. Binamu, ambaye kazi yake ni bahari na anajua maji kuliko sisi sote, akainamisha kichwa kwa heshima, akasema amekosea, anarudi Mokowe. Mama mdogo akatulia. Hakuwa ameambiwa kwamba sheria hazipo. Aliitoa moja kwenye maisha yake akaiweka pale katikati, na ikakaa.

Tangu hapo mchezo ukawa na maji. Mwezi mpya na mwezi mpevu, wakati wa bamvua, watu wanakwenda mbali, Kiwayu, Kiunga, hakuna wa kuwazuia. Maji mafu mnabanana Manda na Shela. Ukitaja Takwa lazima useme utatoka saa ngapi. Ukitoka kisiwa kingine ukaingia mtaa wa mjini, Gadeni au Kashmiri au Wiyoni, umerudi nyumbani, na aliyerudi nyumbani huulizwa amekuja na nini. Ukisema mikono mitupu, zamu imekupita. Mtu akijibu "embe za Hindi, na nazi mbili," anakaribishwa. Hizi hazikuandikwa. Kesho yake nusu zilisahauliwa, na aliyekumbuka moja alikuwa na haki ya kuidai mpaka mwingine adai kinyume chake. Wakati mwingine nilicheka hadi mbavu zikauma, na bado sote tulikuwa na nyuso za watu waliokaa msibani. Uso ukifunguka mapema, mchezo unapoteza nguvu.

Kuna faida ambayo sikuitarajia. Vijana wa nyumbani walianza kuuliza. Ndau iko wapi? Shanga kuna watu? Bibi yangu, mzazi wa mama, alikuwa ameketi kila usiku kwenye mkeka wake, tasbihi mkononi, na jina likitajwa ambalo analo habari yake, aliusimamisha mchezo akasimulia. Alitaja konde za Manda, visima, nyumba ya shangazi yake Siyu. Mambo hayo hatukuwa tumeyasikia hata siku moja, na tulikuwa tumeishi naye miaka yote.

Baada ya Ramadhani mbili hivi kaka yangu mkubwa akaoa. Wifi yangu ni mtu wa Malindi. Ni mpole, mwepesi wa hesabu, ana mwandiko wa kupendeza. Ramadhani yake ya kwanza kwetu ilikuja hata miezi mitatu haijatimia tangu aletwe. Usiku wa kwanza alipanda darini na sisi, akaketi karibu na mlango wa ngazi, akasikiliza. Usiku wa pili akataja Mokowe, binamu akamwambia kwa huzuni kwamba Mokowe imefungwa tangu Shela kutajwa. Akaomba radhi. Watu wakacheka, na yeye akacheka kidogo. Usiku wa tatu alikuja na daftari.

Akaniuliza mimi, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa karibu naye. "Wifi, kwa nini Faza imepita na Siyu imekataliwa, na zote ziko Pate?"

Nikamjibu: "Utaelewa ukicheza."

Maneno yaleyale. Nilitafsiri tu. Na nilipoyasema nilijisikia vizuri, kusema kweli. Kujua jambo ambalo mwenzio halijui kuna utamu wake, na ule usiku nilikuwa nimekaa upande wa utamu.

Tuliendelea hivyo siku 11. Kila usiku yeye anaandika, sisi tunazidi kuongeza vikwazo kwa sababu kuna mtu wa kuvisikiliza. Hapa ndipo ninapouona ubaya wake vizuri. Mwanzoni tulikuwa tunachezeana sisi kwa sisi, kila mmoja anamtengenezea mwenzake nafasi. Sasa tulikuwa tunacheza mbele ya mtu. Yeye amekuwa hadhira, na hakujua.

Siku ya 11 alasiri niliingia chumbani kwake kuazima sindano. Hakuwapo, alikuwa uani anakuna nazi. Daftari lilikuwa wazi kitandani. Alikuwa amepiga mistari kwa rula akatengeneza safu: jina la mahali, nani ametaja, mwezi ngapi, maji gani. Safu ya mwisho ilikuwa na kichwa "wamecheka?" na chini yake alama, ndiyo, hapana, ndiyo, ndiyo. Palipokuwa na jina alilotaja yeye, alama zote zilikuwa ndiyo. Kurasa tisa. Mwisho wa ukurasa wa tisa alikuwa amejaribu kuandika sheria moja moja na kuzifuta, kama nilivyofanya mimi, na chini kabisa pamebaki sentensi moja ambayo haikufutwa:

"Nafikiri sheria ni kuwa mtu wa Amu."

Niliketi kwenye kile kitanda. Nilikumbuka friji ya Shela, na yule bibi wa watu akiisoma karatasi yangu miwani puani. Yeye alichukua siku nne kunifungulia, tena mimi nilikuwa mfanyakazi na yeye ni mpangaji. Baada ya wiki tatu angepanda ndege tusionane tena. Huyu ni mke wa kaka yangu. Yuko mbali na mama yake, katika nyumba ambayo kila kitu chake ni kigeni, chumvi inawekwa kwingine, maneno yanasemwa vingine, wao wanasema njoo sisi tunasema ndoo. Na sisi tumemwongezea fumbo lisilo na jibu, akaamini ni mtihani wa kuingia.

Usiku huo hakupanda. Alisema kichwa kinamuuma.

Nikaenda kwa bibi nikamweleza yote, hata sentensi ile. Bibi alikuwa anajua kwamba mchezo hauna sheria. Alijua bila kuambiwa, tangu usiku wa kwanza. Lakini alidhani wifi naye amekwisha ambiwa na anashiriki tu.

"Hujamwambia?"

"Sijamwambia, bibi."

"Siku 11?"

Sikujibu. Akanyoosha mkono nimshike, tukashuka ngazi, na magoti yake yale ya kuuma, daraja moja moja, mpaka mlangoni kwa wifi. Akapiga hodi. Wifi alipofungua, bibi hakusalimia. Alisema, "Kitendawili!"

Wifi akashtuka, kisha mdomo ukajibu wenyewe. "Tega."

"Kuna mtezo hauna sheria hata moya, na wanaouteza wote wanajua sheria zake."

Wifi akafikiri. Hata kwa mwanga wa simu nilimwona anafikiri kwa dhati, kama alivyofikiri zile siku zote. "Sijui, bibi. Nimeshindwa."

"Nipe mji."

"Nimekupa Malindi."

Bibi akaegemea ukuta, akauchukua mji. Alikwenda Malindi, akasema, akashukia gatini, wakampokea watu wema, wakamtandikia kitanda cha samadari, wakamlisha wali wa nazi na samaki wa kupaka, akala akashiba, na hakuna hata mmoja aliyemficha kitu. Wakamwambia jibu. Ni huo mtezo wa wajukuu zake, wa darini. Hauna sheria. Haukupata kuwa nazo. "Na mimi nakutaka radhi," bibi akasema, "kwa kuwa wewe ni mgeni wangu na nilikuwa nimekaa palepale."

Wifi alinyamaza. Kisha akaniangalia mimi. "Hakuna?"

"Hakuna, wifi."

"Kurasa tisa," akasema. Hakulia. Laiti angelia ingekuwa rahisi kwangu. Nikamwomba msamaha pale mlangoni, nikamweleza habari ya Shela na karatasi yangu, nikataka kumweleza na redio na kituo kilichofungwa na mambo yote. Akaniinulia mkono. "Wifi, mengine sitaki kuelezwa. Kesho nipeni zamu ya kwanza."

Kesho yake alipanda kabla ya wote. Alikuwa na daftari, ila limefungwa, amelikalia. Tulipokwisha kutulia akasema, "Mambrui."

Kimya. Hakuna aliyewahi kutoka nje ya maji yetu. Binamu akakohoa, akasema kwamba kwa Mambrui hapana njia, boti zetu haziendi.

"Nimekwenda kwa gari," wifi akasema. "Mto Sabaki umeshuka. Daraja linapitika."

Mama mdogo akatikisa kichwa taratibu, kwa kukubali. Mdogo wangu, ametahayari, akasema Witu, angalau iko njiani. Wifi akajibu Gede. Mimi nikakimbilia Mpeketoni. Binamu akasema Mokowe, kama mtu anayefunga mlango wa nyuma. Wifi akatuangalia mmoja mmoja, akanywa funda la kahawa, akakiweka kikombe chini.

"Shela."

Sote tukapumua. Amekuja kwetu. Binamu alikuwa ameanza kusema kwamba kwa maji ya leo Shela ni halali, wifi akamkatiza: "Kaka, hujaniuliza Shela ya wapi."

Malindi mjini kuna mtaa unaitwa Shela. Unajulikana na kila aliyewahi kufika, na sisi wa Amu tuliokulia na Shela yetu hatukuwa tumekumbuka kuuliza. Dari zima lilivurugika. Kaka alisema ni ya Malindi, akaambiwa anyamaze, yeye ni mume. Mdogo wangu alisema jina la kwanza ndilo lenye haki. Mama mdogo aliuliza ni lipi la kwanza. Dakika 20 tulibishana, na ilikuwa mabishano ya furaha kuliko yote niliyoyasikia nyumbani kwetu, kwa sababu safari hii hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa na jibu mfukoni.

Tukamwendea bibi. Akapiga tasbihi yake punje kadhaa. Akahukumu kwamba Shela ni Shela. Mwenye kuitaja aulizwe ya wapi, na yeye ana haki ya kutojibu mpaka daku.

Zamu ikazunguka. Ilipomrudia wifi, binamu alikuwa amekwisha mfungia kila upande, maana ukitokea Malindi huwezi kupita Mkanda bila kuanzia Amu. Wifi akasema bado hajasema ni Shela ya wapi. Kwa hiyo kama ni ya hapa, boti yake iko tayari, na maji yamejaa.

"Mtangawanda."

Bibi ndiye aliyepiga vigelegele.

Baadaye mchezo huu nimeucheza na watu wengi, wageni na wenyeji, na nimekuwa mkali kwenye jambo moja. Mtu mpya namwacha gizani mzunguko mmoja. Huo ni haki yake pia, kwa sababu kule kushangaa kwa mara ya kwanza ni sehemu ya raha, ukimweleza kabla hajashangaa umemnyima. Lakini nikiona anaanza kuhesabu kwa vidole, au anauliza kwa sauti ya chini ili wengine wasimsikie, nausimamisha mchezo hapohapo namwambia. Sijali nani atanung'unika kwamba nimeharibu.

Wapo wanaonambia mbona karata za Mao ziko vilevile. Nimewaona vijana wa kizungu wakizicheza palepale Shela: mgeni haambiwi sheria, akikosea anaongezewa karata, anabaki kubahatisha. Ni kweli yanafanana. Ila kwenye Mao sheria zipo. Anayetafuta kwa bidii anazipata moja moja, na siku akizijua zote amefika. Kwenye wetu, mwenye bidii ndiye anayepotea mbali zaidi. Kadiri mtu alivyo makini, kadiri anavyoheshimu mnachofanya, ndivyo anavyoumia. Mvivu husema tu "hawa wanacheza" akaendelea na kahawa yake. Wifi yangu aliumia kwa sababu alituchukulia kuwa watu wa kusema kweli.

Nilimuuliza wakati fulani alilipeleka wapi lile daftari. Alisema analo. Ameendelea kuliandika, kuanzia ukurasa wa kumi, na sasa safu ni mbili tu: jina la mahali, na habari aliyoisimulia bibi lilipotajwa. Bibi alitutoka miaka mitatu baadaye. Konde za Manda zimo, visima vimo, nyumba ya shangazi wa Siyu imo na idadi ya vyumba vyake. Hakuna mwingine nyumbani aliyeandika.

Yeye na kaka wamehamia Malindi kwa ajili ya kazi. Mchezo tunauendeleza kwa simu, jina moja kwa siku, mara nyingine kwa wiki, na mchezo mmoja ulituchukua tangu Shaabani mpaka baada ya Idi. Juzi nilimwandikia Kiwayu, kwa kuwa ni mwezi mpevu na maji ni makubwa. Jana kimya. Leo baada ya tarawehe simu ikalia, nikaona neno moja tu:

"Shela."

Nikamuuliza ya wapi. Ameusoma ujumbe, alama mbili za buluu nimeziona. Hajajibu, na daku bado saa tatu.